Kwanini na Buibui Anayetoboa Glavu

Wifi yangu aliitwa Kwanini kabla hajamaliza kuota meno, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Walioniozesha kwa kaka yake hawakunionya. Siku ya kwanza naingia ukweni, nimeinamisha kichwa kama nilivyofundwa, msichana mmoja mwembamba akaja kukaa karibu yangu. Akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniuliza taratibu: "Wifi, kwa nini umemkubali kaka yangu?"

Nikadhani ni utani wa mawifi, nikacheka. Yeye hakucheka. Alikaa pale, mikono mapajani, anasubiri jibu. Nilimwambia nakwenda kunawa mikono, nikatoka, na nikahakikisha simkuti tena peke yake mpaka wageni wakaisha. Watoto wangu sasa wananipita urefu na swali lile sijawahi kulijibu, naye kila tukigombana hunikumbusha kwamba bado lipo mezani.

Mama mkwe alikuwa na visa vya binti yake huyo chungu nzima. Akiwa mdogo, Kwanini alifumua godoro la wageni ili aone kilichomo. Alipokuta ni pamba tupu, akauliza mbona basi linapiga kelele likilaliwa. Akachapwa, na baada ya kulia akauliza kwa nini fimbo ikipita hewani inatoa sauti lakini ikifika mwilini inanyamaza. Baba mkwe, mtu wa maneno machache, alisema huyu atazeekea nyumbani, hakuna mwanamume atakayevumilia mahojiano ya namna hiyo. Mungu hamtupi mja wake. Alimpata fundi baiskeli ambaye asipoulizwa jambo anajiona hapendwi, na wawili hao mpaka leo wanakula chakula kikiwa kimepoa.

Mimi, yeye na mume wangu tumefanya kazi mahali pamoja kwa muda mrefu, kwenye yadi inayokodisha mahema na viti. Harusi, msiba, mkutano, mahafali, wote wanakuja kwetu. Kuna stoo ndefu ya mabati yenye viti vya plastiki vilivyopandanishwa mpaka karibu na dari, marobota ya turubai, na kando ya ukuta wa nyuma ipo rafu ya chuma ya kulazia nguzo. Nguzo zenyewe ni mabomba, mdomo mmoja umeelekea ukutani na mwingine unakutazama wewe. Kwanini anakaa na cherehani yake karibu na mlango, anashona turubai zilizochanika. Mimi nafua nguo za viti na vitambaa vya meza, naanika, napiga pasi. Tajiri wetu ni mama mmoja mnene ambaye kila aendako hubeba kigoda chake mwenyewe. Ana viti vya kukalisha mji mzima, lakini anasema viti vyake anavijua.

Mume wangu wanamwita Ngazi, kwa sababu ya urefu. Pete ya kilele cha hema, ambayo wengine wanaifikia kwa kupanda juu ya meza, yeye anaifikia akiwa amesimama chini. Mwenzake wa kubeba nguzo wanamwita Pacha, na hilo ni jina la kejeli, maana ni mfupi hata nguzo ikiwa mabegani mwao inateremka kama paa la nyumba. Pacha hulalamika kwamba uzito wote wa dunia unamteremkia yeye. Lakini jaribu kumpangia mtu mwingine wa kubeba naye, uone atakavyonuna.

Balaa lilianzia kwenye viti. Mume wangu alikuwa ananyanyua viti vilivyokaa kwenye kona ya stoo tangu msimu uliopita, akapitisha vidole chini ya kiti cha mwisho ili apate pa kushika. Alisikia mchomo, akadhani ni pini iliyosahaulika kwenye nguo ya kiti, akanilaani mimi kimoyomoyo. Alipogeuza mkono akamwona buibui wa kahawia, si mkubwa, anarudi zake chini ya kiti bila haraka. Haikupita muda maumivu yakapanda kutoka kidoleni mpaka kwapani, jasho likamtoka, tumbo likamkaza akakunjika.

Sijawahi kuona watu wenye upendo wenye hatari kama wenzetu wa yadini siku ile. Mmoja alikuja mbio na wembe, achanje sumu itoke. Mwingine ameshika kamba, anataka kumfunga mkono. Wa tatu alikuwa anajitolea kufyonza kwa mdomo. Kwanini akasimama mbele ya kaka yake, akawauliza mmoja baada ya mwingine: kwa nini uchanje, umejuaje sumu iko wapi, kwa nini ufunge, damu nayo ipite wapi, na wewe ukifyonza, ikikaa mdomoni mwako, wewe akufyonze nani? Walikuwa bado wanatafuta majibu wakati dereva amekwisha kuwasha gari. Nilimnawisha mume wangu mkono kwa maji na sabuni humohumo garini, nikamwekea kitambaa nilichofungia barafu ya muuza soda, na nilikuwa nalia bila aibu yoyote.

Zahanati walimpa dawa za maumivu wakamlaza wamwangalie. Nesi alituambia kwamba buibui yule wa kahawia ni nadra kumwua mtu mzima mwenye afya, ila si wa kufanyiwa mzaha, hasa akimpata mtoto mdogo au mzee. Alisema tumefanya vizuri kuosha na kuweka baridi, na vizuri zaidi kutochanja wala kufunga. Kwanini alimuuliza maswali mpaka nesi akataka kujua mgonjwa ni nani hasa kati yao. Anaishi wapi? Mahali penye giza ambapo mkono wa mtu haufiki mara kwa mara. Anawinda watu? Hapana, mtu hana kazi naye. Sasa mbona anauma?

"Haumi mpaka abanwe," nesi akasema, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Wengine tulilisikia neno hilo likapita. Kwanini alilichukua akaliweka mahali, kama anavyoweka vifungo vilivyodondoka ambavyo hajui vitafaa nguo gani.

Tajiri alinunua glavu za ngozi, nene, jozi kwa kila mbeba nguzo. Mume wangu alipona mkono, akarudi kazini. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alikuwa akifika mbele ya viti anasimama, anavitazama, halafu anakumbuka kazi nyingine. Wenzake walimtania mwanzoni, kisha wakaacha, na kuacha kwao kulimwumiza kuliko utani. Akawa mtu wa kufagia ua, kuosha gari, kukunja kamba.

Ndipo akajitungia kazi ya jioni. Watu wakimaliza, anakusanya glavu zote, anazikunja vizuri na kuzisukumiza kwenye midomo ya nguzo za hema kubwa, kila mtu na nguzo yake. Midomo ya mbele iliyobaki anaiziba kwa matambara niliyomkatia mimi kutoka kwenye nguo za viti zilizochakaa. Alikuwa amewaza kwamba bomba ni nyumba tupu yenye mlango wazi, na buibui asingepata nyumba bora kuliko hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alikuwa akisema, anasukumiza. Tajiri alifurahi, maana glavu zilikuwa hazipotei tena. Na mimi nilifurahi kwa kuwa mume wangu alikuwa anatembea tena kifua mbele, hata kama ni kuelekea kwenye kuziba mabomba.

Asubuhi moja Pacha alichomoa glavu zake, akazivaa upesi kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri, akaikamata nguzo na kuikaza mkononi. Akapiga yowe. Aliitupa nguzo, akaing'oa glavu ya kulia kwa meno na kuirusha huko, na ncha ya kidole chake cha kati ilikuwa imevimba tayari. Nguzo ilikuwa na utando wa buibui ubavuni. Kila mtu aliuona, na kila mtu akafikia uamuzi uleule: huyu buibui sasa anatoboa ngozi.

Pacha alilala zahanati kama mwenzake, akatoka salama, lakini neno lilikuwa limekwisha kuenea. Dereva alisema amesikia wako wa aina mpya. Mwingine alisema ni sumu yenyewe inayoyeyusha ngozi, meno hata hayahitajiki. Wakaziacha glavu, maana kama zinatobolewa zina kazi gani zaidi ya kuleta joto? Wakawa wanapeleka mikono mitupu mahali palepale palipotulaza watu wawili. Mume wangu akaendelea kuzisukumiza kwenye nguzo kila jioni zisilegee, ingawa hakuna aliyezivaa. Mbali na hizo, sasa hakugusa hata ufagio. Nyumbani alikaa akitazama mikono yake.

"Kama ngozi ya ng'ombe haimzuii," aliniambia, "yangu itamzuia?"

Tajiri alivumilia kwa kadiri yake. Ilikuwa inakuja kazi kubwa, hema kubwa kuliko yote tuliyo nayo, na nguzo zake ni zile ndefu za kwenye rafu. Alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya mume wangu, akamwambia kwa upole kwamba kazi hiyo inamtaka yeye. Kama hataweza kushika nguzo itabidi atafutwe mrefu mwingine, na huyo mrefu mwingine hatafukuzwa baadaye ili yeye arudi. Kisha akatangaza kwa wote kwamba kuanzia siku inayofuata ni lazima kuvaa glavu, zitobolewe zisitobolewe, asiyetaka akae kwao. Sikumchukia. Nilimchukia buibui, nikamchukia mume wangu kidogo kwa kuogopa, halafu nikajichukia mwenyewe kwa kumchukia mtu aliyeumia.

Kwanini yeye hakuwa na nafasi ya kuchukia. Alikuwa na swali. Meno gani hayo?

Ukitaka kujua ugumu wa ngozi muulize anayeishona. Wifi yangu akipata kazi ya kiraka cha ngozi kwenye kona za hema, huvaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidoleni, akaisukuma sindano kwa nguvu zote huku akisema maneno ambayo mama mkwe hakumfundisha. Buibui mwenyewe anaenea kwenye ukucha wa dole gumba. Yaani mimi na kastabini yangu nashindwa, alisema, yeye anapita tu kama anaingia sokoni? Siku zile zote alikuwa ameliuliza hilo kwa dereva, kwa tajiri, kwa mume wake fundi baiskeli, ambaye alilipokea kwa shangwe, chakula kikapoa tena.

Basi jioni ya tangazo la tajiri akatafuta ile glavu ya kulia ya Pacha. Ilikuwa imeangukia nyuma ya robota la turubai siku aliyoumwa na hakuna aliyethubutu kuiokota. Aliivuta kwa fimbo ya ndoano tunayovutia turubai, akaitoa uani mwanga ungalipo, akaitundika kwenye waya wangu wa kuanikia kwa vibanio viwili, mdomo juu. Halafu bila kuniomba akachota maji kwenye ndoo yangu ya kusuuzia, akamimina ndani ya glavu mpaka ikajaa vidole vyote.

Nilimuuliza kama ameamua kuinywesha. Akaniambia nitazame.

Maji yalianza kutoka kwenye mishono, taratibu, kwa sababu mshono hata uwe mzuri vipi ni mstari wa matundu. Ila kwenye ncha ya kidole cha kati, pale Pacha alipoumwa, palikuwa pakavu. Kwanini alikipapasa kidole kile kwa ncha ya fimbo, akakibonyeza kutoka chini. Utando ukapanda juu ya maji, umejisokota kama uzi wa cherehani uliokatika. Nyuma yake kikaelea kitu kidogo cha kahawia, miguu imekunjwa, kimebonyea ubavu.

Tangu utotoni tumekuwa tukisema kikulacho ki nguoni mwako. Tunawaambia watoto, tunarushiana kwenye ugomvi, mimi mwenyewe nimeshawahi kumwambia wifi yangu huyohuyo. Yadi nzima tunaujua msemo huo, na hakuna aliyefikiri kutazama nguoni.

"Hakutoboa," Kwanini akasema. "Alikuwa ndani. Pacha alimbana. Sasa aliingiaje?"

"Si atakuwa alilala humo," nikamjibu, kabla sijafikiri.

"Na glavu zinalala wapi?"

Tuligeuka wote wawili tukatazama ndani ya stoo. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye rafu, mrefu, amekunja mgongo, anasukumiza glavu ya mtu kwenye mdomo wa nguzo kwa uangalifu kama anayemfunika mtoto shuka.

Nilimshika wifi yangu mkono. Nikamwambia asimwambie kaka yake. Alitaka kujua kwa nini, na safari hii nilimjibu. Kuzisukumiza zile glavu ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Akiambiwa kwamba kazi yake ya mikono ndiyo iliyomlaza Pacha, mtu aliyebeba naye nguzo ujana wake wote, hatakanyaga tena pale, na nyumbani nitaishi na kivuli. Nilisema tutazihamisha glavu kimyakimya. Nilisema tutamsingizia panya. Nilisema mambo mengi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema kesho watu wote wamelazimishwa kuvaa glavu, na zimelala huko kwenye nguzo siku zote hizi bila kuvaliwa wala kukung'utwa. Tukizihamisha kimyakimya wataendelea kuamini kuna buibui wa kutoboa ngozi, na kaka yake ataendelea kuamini hakuna kinga duniani. Mficha uchi hazai, wifi. Na kama kuna mtu wa kumuuliza kaka yangu, basi ni mimi, amenizoea.

Asubuhi nilikuta kitambaa changu cha meza kikubwa kuliko vyote, cheupe, nilichokipiga pasi jana yake, kimetandazwa chini mbele ya rafu. Siku nyingine ningegombana naye. Alikuwa amemwambia tajiri kila kitu, na tajiri alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ametulia, amewazuia watu wasiguse glavu. Pacha alisimama kando, kidole bado kina bandeji. Mume wangu aliingia wa mwisho, akaona watu wamejipanga, akadhani ndiyo anafukuzwa. Niliuona uso wake ukijiandaa.

Kwanini alimwita karibu na rafu, akaonyesha mdomo wa nguzo moja kwa fimbo.

"Kaka, hapa kwa nini unaziba?"

"Wasiingie."

"Na waliokwisha kuingia, watoke wapi?"

Mume wangu si mjinga. Alitazama nguzo ile, akafuata kwa macho urefu wake mpaka mdomo wa pili ulioegemea ukuta, akarudi kwenye glavu iliyochungulia kama ulimi. Sijui yalipita mawazo mangapi, ila niliona yalipofika kwenye bandeji ya Pacha, kwa sababu macho yake yalikwenda huko yakakaa. Mimi nilikuwa namwomba Mungu asigeuke na kuondoka.

Akanyoosha mkono. Si kwa glavu, kwa fimbo ya ndoano. Akamnyang'anya dada yake, akasogea kwenye rafu ambayo kwa majuma alikuwa akiifikia kwa kuziba tu, akainasa glavu, akaivuta taratibu mpaka ikadondoka kwenye kitambaa. Akaipiga kwa mpini wa ufagio. Akainua kwa ndoano, akaikung'uta. Haikutoka kitu. Dereva akakohoa, watu wakaanza kupumua, na nakiri moyo wangu ulishuka kwa raha: basi kosa si lake.

Akavuta ya pili, akaipiga, akaikung'uta. Kikadondoka kitufe cheupe chenye miiba miiba, kama mbigili, na Kwanini akapiga magoti hapohapo kukitazama. Mayai, alisema, tazameni, humu mna ukoo mzima. Kisha pakadondoka buibui mwenyewe. Alikunja miguu akajifanya mfu katikati ya weupe wote ule, mdogo, wa kahawia, miguu ina pete pete. Kwanini akamgeuza kwa unyasi. Tumboni alikuwa na alama ya rangi ya chungwa, imebanwa katikati, safi kana kwamba imechorwa kwa brashi.

Tuliinama wote. Hata tajiri aliinuka kwenye kigoda. Ni ajabu kukitazama kwa utulivu kitu kilichokunyima usingizi. Hakuwa na haraka na mtu. Alikuwa anatafuta giza tu, na giza tulimtengenezea sisi, tukamwekea na kitanda cha ngozi mlangoni. Tuligundua kwamba ni mzuri pia, na hilo Kwanini alilisema kwa sauti, akaangaliwa vibaya.

Mume wangu hakuinama. Alikuwa amesimama anamtazama Pacha.

"Ni mimi niliyekuwekea," akasema.

Pacha alisugua bandeji yake kwa dole gumba.

"Ulikuwa unanikinga," akasema mwishowe. "Sema kinga yako ilikuwa na meno." Kisha akaenda kwenye ncha ya nguzo ile, ncha yake ya siku zote, ya chini. "Njoo ushike upande wako. Hazitajitoa zenyewe."

Mume wangu akaenda upande wake, wa juu. Waliivuta nguzo kwa ndoano hadi nje, wakaisimamisha, wakaipiga chini, wakasubiri, wakapitisha brashi ya mpini mrefu ndani yake mpaka ikatokea upande wa pili. Ndipo wakaibeba. Iliteremka kama paa, na Pacha akalalamika kuhusu uzito wa dunia.

Siku nzima ile hatukukodisha hata kiti. Tulitoa kila kitu juani. Viti tulivigeuza miguu juu kimoja kimoja tukavisugua chini ya ukingo kwa brashi ndefu, maana ndiko vidole vinakoshika na ndiko wao wanakopenda. Vitufe vya mayai tulivikanyaga, suruali zimechomekwa kwenye soksi. Rafu ilisogezwa mbali na ukuta ili mtu aweze kuzunguka, na midomo ya nguzo zilizokwisha kupigwa brashi ikapata vifuniko vyake vya plastiki pande zote mbili. Kwanini alimwomba tajiri buibui mmoja mfu kwenye chupa, akamweka dirishani karibu na cherehani, ili kila mgeni wa kazi amwone sura kabla hajamkuta gizani. Tajiri aliagiza nguzo na viti visikae tena msimu mzima bila kuguswa. Kuhusu glavu palikuwa na mjadala. Mimi nilitoa waya wangu wa kuanikia. Kwanini akauliza ni kitu gani kitamzuia buibui kutembea kwenye waya, naye ni mnyama wa kutembea kwenye uzi. Ikaamuliwa mchana zipigwe jua kwenye waya, jioni ziingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, na hata zikitoka humo zikung'utwe kabla ya mkono kuingia. Ndoo alikabidhiwa mume wangu. Aliiomba mwenyewe.

Asubuhi ya kazi kubwa nilikuwa napakia vitambaa vya meza garini, nikamwona amekaa kwenye ngazi ya mlango na ndoo katikati ya miguu. Alitoa glavu moja moja kwa koleo, akaipiga kwenye jiwe, akakandamiza kila kidole kwa mpini kuanzia nchani kuja mdomoni, akaikung'uta, akampa mwenyewe. Ilipofika zamu ya Pacha, alizipiga zake kuliko za wote. Akampa.

Pacha hakuzivaa. Alizifungua mdomo mbele ya kila mtu, akaziinua kwenye mwanga na kuchungulia ndani, jicho moja limefumbwa.

Nilisimama na vitambaa mkononi. Nilijua mume wangu amemwona. Mwanamume mwingine angenuna, angesema hata wewe huniamini. Nikangoja.

"Chungulia tena," mume wangu akasema. "Na kidole cha mwisho, hapo hapaonekani vizuri."

Pacha akachungulia tena. Kisha wakaenda kubeba.

Nilipita kwa Kwanini aliyekuwa anakata uzi kwa meno. Nikamwambia, lile swali aliloniuliza siku ya kwanza ukweni, la kwa nini nilimkubali kaka yake, jibu ndilo lile pale. Alimtazama kaka yake, nguzo begani, anapiga hatua fupi fupi ili Pacha asiachwe nyuma. Alimtazama mpaka wakatokomea nyuma ya gari. Kisha akanigeukia, uzi ungali mdomoni.

"Sasa wifi," akasema, "kwa nini umechelewa hivyo kunijibu?"

Nikamwambia nakwenda kunawa mikono.